Breka Ukiipandisha Inashuka: Maswali Ninayoulizwa Kila Siku Mtwara na Lindi

Habari zenu. Mi fundi umeme, kituo changu Mtwara mjini, lakini kazi ikitokea naenda Mikindani, Nanyamba, Mingoyo mpaka Lindi mjini. Simu ninazopigiwa sana sio za kufunga waya nyumba mpya, ni hizi za "fundi breka imegoma", na tisa kati ya kumi nikimuuliza mtu swali moja tu nakuwa nishajua nibebe nini kwenye begi. Swali lenyewe ni hili: ukiipandisha inachukua muda gani mpaka ishuke? Inashuka mkono wako bado uko pale pale, inasubiri sekunde mbili tatu, inakaa nusu saa, au inasubiri mvua? Kila jibu hapo ni ugonjwa wake. Watu wengi hawaangalii hilo, wanapandisha, inashuka, wanapandisha tena, mara kumi, mpaka wameiua na breka nayo. Kwa hiyo nimekusanya maswali hapa ili mkinipigia tuwe tunaongea lugha moja.

Fundi, breka imeshuka.

Ipi sasa? Boksi la nyumba nyingi za huku lina breka ndogondogo, ya taa ya 6 au 10, za soketi za 20 au 32, ya jiko, ya hita ya kuogea kama umeweka, afu pembeni kuna moja pana yenye kitufe kimeandikwa T. Hiyo pana ndo RCD, wazee wengine bado wanaiita eathi liki. Hizi mbili hazifanyi kazi moja. Breka ndogo inashuka kwa sababu mbili tu, umeme unaopita ni mwingi kuliko namba yake, au kuna shoti. RCD yenyewe haina habari na wingi, hata upige pasi na majiko mangapi haijali, inachofanya ni kulinganisha umeme uliotoka kwenye laivu na uliorudi kwenye nyutro. Ukirudi pungufu inajua kuna mahali unavuja kwenda ardhini, labda kupitia mwili wa mtu, inakata. Na kiasi chenyewe ni kidogo sana, za majumbani ni miliampea 30, yani 0.03 ya ampea, karibu na umeme unaokula balbu ya LED ya wati 7.

Kwa hiyo kabla hujanipigia nenda kaangalie ni ipi imeshuka, piga picha nitumie. Hiyo picha inatuokolea safari moja nzima.

Naipandisha inagoma kabisa kukaa juu, inarudi laini tu kama haina springi. Imekufa?

Labda bado. Breka ikishajikata kuna nyingine kidole chake kinabaki katikati, au kinashuka lakini ndani haijajifunga sawasawa. Ibonyeze chini mpaka mwisho, uisikie "tak", ndo uipandishe kwa nguvu moja. Na kama ilikata kwa ajili ya joto, yani ulikuwa umewasha vitu vingi, iache dakika tano hata kumi ipoe kwanza maana ndani kuna kipande cha chuma kinachopinda kikipata moto, kisiponyooka haiwezi kukaa juu hata ufanyeje.

Nikiishikilia na kidole isishuke je?

Haisaidii. Imetengenezwa makusudi hivyo, ndani inakata hata kama kidole cha nje umekishikilia juu. Nimekuta sehemu mtu kaifunga na raba ya baiskeli ili ikae. Ilikaa kweli, na umeme haukuwepo.

Inashuka papo hapo, sijachomeka hata kitu kimoja.

Hiyo ni shoti, laivu imegusa nyutro au imegusa eathi (ule waya wa kwenda ardhini), mahali fulani kwenye waya za ukutani, kwenye soketi, kwenye holda ya taa, au juu ya dari. Utaijua kwa sababu inashuka na mlio, "ta!", na haikupi hata sekunde. Hapo naomba usirudie rudie. Mara moja kuhakikisha, basi. Kila ukiipandisha juu ya shoti unapitisha umeme mkubwa sana kwa muda mfupi, zile sehemu zinazogusana ndani zinaungua, na siku ya siku breka inaganda ikiwa imewaka, hiyo ndo hatari yenyewe.

Sababu ninazozikuta huku kwetu, nazitaja kwa jinsi ninavyozikuta. Mijusi. Sifanyi utani, mjusi anaingia kwenye soketi au kwenye boksi la swichi kufuata joto na wadudu, anakanyaga laivu mguu mmoja na mwingine nyutro, mnakuta kakauka pale pale. Panya kwenye dari, hasa nyumba inayohifadhi mahindi au korosho ndani, wanatafuna ganda la waya mpaka shaba inabaki uchi. Misumari: kuna nyumba moja Magomeni breka ya soketi ilianza kukata ghafla siku ya Jumapili, nikapima saa nzima, kumbe jana yake walipigilia msumari wa kuning'iniza pazia, umepita katikati ya paipu ukachoma waya mbili kwa pamoja. Sasa hivi swali la kwanza kwenye shoti ya ghafla nauliza "kuna mtu kapigilia kitu ukutani?" na watu wanacheka afu wananyamaza.

Na zile konekta za plastiki za bei rahisi juu ya dari, zinaungua polepole miaka miwili mitatu, siku moja zinayeyuka waya zinagusana.

Kwa hiyo nianzie wapi mwenyewe kabla sijakuita?

Hapa nakaa kidogo maana ndo penye kazi, na sehemu hii huhitaji kufungua skrubu hata moja. Ukiona umeanza kushika bisibisi ujue umevuka mpaka.

Kwanza nusa na uguse. Kama kuna harufu ya plastiki kuungua, au boksi ni la moto, au sakafu ina maji, au kuna mtu kapigwa na umeme, usipandishe chochote, zima meni swichi, ile kubwa ya nyumba nzima, unipigie. Kama hamna hayo, endelea.

Chomoa kila kitu kwenye soketi za upande uliokata. Nasema chomoa, sio zima swichi ya soketi. Watu wananiambia "fundi nimezima vyote", nikifika nakuta plagi ziko ndani. Swichi ya soketi zetu nyingi inakata laivu peke yake, nyutro inabaki imeunganika na kile kifaa, na kama ubovu uko kati ya nyutro na bodi ya kifaa RCD itaendelea kushuka na wewe unaapa kwamba kila kitu kimezimwa. Msisahau vile vilivyojificha: friji nyuma yake, king'amuzi, ruta, chaja ya simu nyuma ya kitanda, pampu ya kisima, na ile ekstensheni iliyopita chini ya kapeti.

Ukishachomoa, pandisha. Ikikaa, basi waya za nyumba ni salama kwa sasa na mwizi ni moja ya vile ulivyochomoa. Rudisha kimoja kimoja, washa kila kimoja kikiwa soketini maana kuna vingine mpaka vipate moto ndo vinakata, kipe kama dakika mbili. Kitakachoishusha ndo hicho. Kichomoe, jaribu kwenye soketi nyingine ya breka nyingine. Ikashuka na huko, hamna mjadala, ni kifaa. Isiposhuka huko, angalia ile soketi ya kwanza, labda imelegea au imeungua ndani.

Usipoweza kuikalisha hata na vitu vyote vimechomolewa, basi ni waya. Hapo kazi ya kwako imeisha, iache chini hiyo moja, zingine ziendelee.

Kwa RCD njia ni ile ile ila kuna hatua mbele yake: shusha breka ndogo zote, pandisha RCD, ikikaa anza kupandisha ndogo moja baada ya nyingine mpaka utakayoipandisha ikaishusha. Hiyo laini ndo ina ugonjwa, nenda kachomoe vya laini hiyo.

Nimeshusha ndogo zote kama ulivyosema na RCD bado inagoma.

Hili swali nalipenda. Breka ndogo za kipande kimoja zinakata laivu tu, nyutro zote bado zimefungwa pamoja kwenye baa yake ndani ya boksi. Kwa hiyo kama nyutro imegusa eathi mahali popote ndani ya nyumba, kushusha breka ndogo hakusaidii, ule mguso bado upo. Kwanza uhakikishe umechomoa vifaa vyote kweli kweli. Vikichomolewa na bado inashuka, fundi anazima meni, anafungua boksi, anatoa nyutro moja moja kwenye baa mpaka anaipata ya laini yenye ugonjwa. Wewe usiguse hiyo, hata meni ikiwa chini waya zinazoingia kutoka kwenye mita bado zina umeme, zile hazizimiki na chochote kilicho ndani ya boksi lako.

Sababu nyingine ni fundi aliyepita. Mtu kaongeza taa ya uani, akachukua laivu laini hii na nyutro laini ile kwa sababu ilikuwa karibu. Kwenye nyumba yenye RCD mbili hiyo ni kilio, ukiwasha tu ile taa zinashuka zote.

Inakaa vizuri dakika kumi, ishirini, nusu saa, afu inakata. Nikiisubiri kidogo inakaa tena.

Umezidisha mzigo, au kuna sehemu imelegea inachemka. Tuanze na mzigo.

Umeme wetu ni volti 230, kwa hiyo breka ya 20 inabeba wati 4,600. Chukua jagi la kuchemshia maji wati 2,000, jiko la koili wati 1,500, pasi wati 1,200, tayari ni 4,700 na friji hujaihesabu. Sasa watu wanadhani breka ya 20 ikifika 21 inakata hapo hapo, sio hivyo. Ikizidi kidogo sana, kama 22 hivi, inaweza kukaa saa nzima na zaidi. Ikifika kama 29, yani karibu mara moja na nusu, inatakiwa ikate ndani ya saa moja, na ukizidi kupanda ndo muda unavyofupika. Ndo maana wageni wakija sikukuu breka inakata saa sita mchana katikati ya mapishi na sio asubuhi. Kinachotakiwa ni kutenganisha tu: jiko na jagi visikae laini moja, au ukimaliza kupiga pasi ndo uchemshe chai. Kama jiko la umeme unapikia kila siku, lipe waya wake na breka yake kutoka kwenye boksi.

Ila kama ukihesabu wati haujazidisha na bado inakata baada ya muda, basi kuna joto linatoka kwingine. Skrubu ya breka iliyolegea inachemka yenyewe, lile joto linaipindisha ile chuma ya ndani kana kwamba mzigo ni mkubwa. Hii ipo sana kwenye nyumba za karibu na bahari, Shangani, Mikindani, kule Lindi mjini karibu na fukwe, kipindi cha kusi upepo unaleta chumvi mpaka ndani, shaba inaota ukungu wa kijani, mguso unakuwa mbaya. Kukaza skrubu ni kazi ya dakika kumi kwa fundi na umeme ukiwa umezimwa, na kama waya umeshaungua mwisho wake unakatwa unavuliwa upya, sio kukaza juu ya uchafu.

Inakata mvua ikinyesha tu, jua likiwaka inapona.

Maji yameingia mahali. Kuanzia Desemba mpaka Aprili hizi simu ndo chakula changu. Angalia kwanza vya nje: taa ya geti, taa ya baraza, soketi ya nje, pampu, kengele ya mlangoni. Afu bati linalovuja juu ya jointi, na paipu ya waya inayoingia ukutani kutokea juu bila kupindwa kwa chini, ile inageuka kuwa bomba la kuteremshia maji moja kwa moja mpaka kwenye swichi.

Kuna gesti moja ufukweni walibadilisha RCD mara mbili wakidhani ni mbovu, wauzaji wakawa wanafurahi tu. Nilipofika nikaomba nikae pale jioni mvua inakuja. Ikaanza, RCD ikashuka, nikaenda moja kwa moja kwenye taa za bustani zile za kuchomeka ardhini, nikafungua ya kwanza maji yakamwagika kama kikombe. Walizifunga bila mpira wa kuzuia maji, mpira ulikuwa bado uko kwenye maboksi stoo.

Ukitaka kujua bila fundi: siku ya mvua ikishuka, shusha na breka ya taa za nje kama ina yake, pandisha RCD. Ikikaa umepata jibu. Tatizo nyumba nyingi taa za nje zimechanganywa na za ndani, kwa hiyo ukijenga mwambie fundi wako azitenge, ni breka moja ya 6 tu ya ziada na inakuokoa kulala giza msimu mzima.

Friza la samaki likitaka kuwaka tu breka inashuka. Likishawaka halina shida.

Mama mmoja wa Mikindani aliniuliza hili akiwa na samaki wa watu ndani, "mwanangu nifanyeje wataoza," kwa hiyo nalijibu kwa haraka kama siku ile. Kompresa ikianza inavuta umeme mara tano hadi nane ya ule inaotumia ikishakaa sawa, kwa kufumba na kufumbua tu. Breka zina herufi kabla ya namba. B inakata ikivutwa ghafla mara 3 hadi 5 ya namba yake, C mara 5 hadi 10, D mara 10 hadi 20. Kama friza lako kubwa limewekwa kwenye B10 au hata B16 pamoja na vitu vingine, inaweza kuwa inashuka bila kosa lolote, fundi akikuwekea C ya namba ile ile shida inaisha. Ona vizuri, herufi ndo inabadilika, namba inabaki.

Lakini kama lilikuwa linawaka vizuri mwaka mzima na leo ndo limeanza, tatizo sio herufi. Huenda kapasita ya kuanzishia imechoka, au kompresa imekaza, au umeme uko chini. Umeme ukishuka mpaka 180 hivi kompresa inashindwa kuzunguka, inanguruma tu "mmmm" ikiwa inavuta umeme mwingi, ikiendelea hivyo inaungua. Ukisikia mngurumo huo chomoa. Na yule mama tulilipeleka friza kwenye soketi ya laini nyingine kwa usiku ule, asubuhi nikaja na kapasita.

Umeme ukikatika ukirudi ndo breka inashuka. Kabla ya hapo haina shida.

Kwa sababu kila kitu kinaanza kwa mpigo, friji, friza, feni, pampu, zote zinavuta kwa pamoja. Umeme ukikatika chomoa vikubwa, ukirudi subiri dakika tano ndo uchomeke kimoja kimoja. Hata kompresa yenyewe inataka hizo dakika, ikilazimishwa kuanza presha ikiwa bado juu ndo inakaza. Kuna kifaa cha kuweka kwenye soketi ya friji kinachosubiri chenyewe, nunua, ni rahisi kuliko kompresa. Tunajivunia gesi ya Mnazi Bay tangu ilipogunduliwa 1982, ila umeme kukatika na kurudi tunakujua wenyewe tunaokaa huku.

RCD inakata usiku, hamna aliyegusa kitu. Au inakata mara moja kwa siku.

Tafuta kitu kinachojiwasha chenyewe. Friji zisizoganda barafu zina koili ya kuyeyushia barafu inayowaka kila baada ya masaa kadhaa, ile koili ikipasuka inavujisha, kwa hiyo friji inafanya kazi vizuri tu mchana kutwa afu ghafla saa nane usiku RCD chini. Hita ya kuogea nayo hivyo hivyo, inajiwasha maji yakipoa. Maji ya visima vingi vya huku pwani yana chumvi, koili za hita na majagi hazidumu, ganda la koili linapata tundu dogo kama la sindano, maji yanaingia. Zima hita kwenye swichi yake ile inayokata waya zote mbili, lala usiku mmoja. Isiposhuka umelala na jibu.

Nyingine ambayo haina kibovu hata kimoja: vifaa vya kielektroniki kila kimoja kinavujisha kidogo sana na hiyo ni kawaida yake, kompyuta, tivii, mashine ya kufulia. Kimoja kimoja hamna shida, vikijumlishana vikafika 20 na kitu miliampea, RCD inaruhusiwa kukata kuanzia nusu ya namba yake, yani 15. Ofisi zenye kompyuta nyingi kwenye RCD moja zinasumbuliwa na hili, dawa ni kuzigawa kwenye RCD mbili.

Fundi si uniwekee tu ya 32 badala ya 20 nipumzike?

Hapana, na ukimpata wa kukuwekea ujue huyo hakupendi. Breka inalinda waya, sio tivii yako. Waya wa soketi wa milimita 2.5 uliopita ndani ya ukuta umepangiwa 20, ukiweka 32 waya ndo unakuwa breka, unachemka ndani ya ukuta au juu ya dari penye joto la bati, na nyumba ya makuti au yenye dari la mbao hapo sihitaji kumalizia. Kuna watu watakwambia soketi zao ziko kwenye 32 na ni sawa, ni kweli kama waya umezunguka ukarudi kwenye boksi pande zote mbili, hiyo ni mpangilio mwingine. Namba inapandishwa pale tu waya nao umebadilishwa.

Kwani breka yenyewe haiwezi kuwa mbovu?

Inaweza, ila ni ya mwisho kushukiwa na watu wanaanza nayo. Kuijaribu ni rahisi kwa fundi: meni chini, anatoa waya unaotoka kwenye ile breka, anawasha, anaipandisha ikiwa haina kitu. Ikishuka hivyo hivyo bila waya, ni mbovu, badilisha. Ikikaa, haina kosa, rudi kwenye waya. Breka iliyokatishwa kwenye shoti mara nyingi inachoka, na ya chumvichumvi nayo inachoka. Ukinunua mpya ishike mkononi, ya kweli ina uzito, imeandikwa kitu kama C20 na chini yake kiboksi chenye 4500 au 6000, hizo ni ampea za shoti inazoweza kuzikata bila kupasuka. Zile nyepesi kama ganda la kiberiti ziacheni dukani.

RCD yenyewe ibonyezeni kile kitufe T kila baada ya miezi mitatu hivi. Isiposhuka ukikibonyeza na umeme upo, hiyo ni mapambo.

Nimepima na testa inawaka kila mahali, sasa?

Testa ya kalamu inakwambia umeme upo tu, na hata hapo inadanganya, inaweza kuwaka kwenye waya usio na kitu kwa sababu umepita kando ya wenye umeme. Shoti haitafutwi nayo. Fundi anatumia mita ya kupimia, sio ile ya LUKU, umeme ukiwa umezimwa na vitu vimechomolewa, laivu na nyutro zikisoma karibu na sifuri ni shoti. Uvujaji mdogo mita ya kawaida haiuoni maana inapima kwa betri ndogo, hapo inatakiwa ile tunayoiita mega, inasukuma volti 500, na waya mzima unatakiwa usome angalau megaomu 1, ukisoma chini ya hapo unavuja. Afu anaikata laini katikati kwenye jointi boksi, anapima nusu hii na nusu ile, nusu mbovu anaikata tena katikati. Fundi anayeanza kwa kubomoa ukuta kabla hajapima, msimamishe. Na muulize leseni ya EWURA, hatakiwi kukasirika.

Nyumba ya zamani haina breka, ina fyuzi za waya.

Hesabu ni zile zile, ila fyuzi haipandishwi, inaungua. Msiweke waya mnene wala karatasi ya sigara. Badilisheni boksi, nyumba zile eathi yake nyingi ilishaoza.

Nina sola, breka ya betri inashuka.

Angalia imeandikwa nini. Breka ya umeme wa TANESCO haifai kwenye betri na paneli, umeme wa betri hauzimiki cheche kirahisi. Nunua iliyoandikwa DC. Inveta nayo ikianza inavuta ghafla, kwa hiyo kabla hujalaumu betri hakikisha friji haijachomekwa.

Niite wewe au TANESCO?

Nyumba nzima hamna umeme, breka zote ziko juu, na LUKU ina yuniti, angalia jirani. Jirani naye hana, ni wao. Jirani anao, soma kioo cha mita, kama kimezima au kinaonyesha alama usizozijua, ni wao pia. Kutoka kwenye nguzo mpaka kwenye mita ni vyao, na ile sili usiiguse hata fundi akikwambia ni dakika moja. Kuanzia mita kuja ndani ni vya kwako na vya fundi wako.

Ni saa saba usiku, breka ya soketi imegoma, watoto wamelala, fundi hapokei simu.

Iache chini. Kweli, iache. Taa zina breka yake, zitawaka. Chomoa vya laini ile, friji ihamishie kwa ekstensheni nzuri kwenye soketi ya laini inayofanya kazi, ekstensheni iwe imekunjuliwa yote, isiwe imeviringwa maana inachemka. Hakuna laini nyingine? Usifungue mlango wa friza, likiwa limejaa linakaa na barafu yake mpaka kesho mchana bila wasiwasi. Simu yangu naiwasha saa kumi na mbili.